Bila Kiputo

Chupa ni ndogo, ya kahawia, kama ya dawa ya kikohozi.
Naijaza polepole kwenye bomba la Bi Mwanahawa, Mburahati,
maji yapande mpaka yatune mdomoni
kama mtu anayetaka kusema,
ndipo nafunga. Naipindua. Natazama.
Kiputo kimoja tu, nimekosa:
ninachokitafuta kina mbawa, hupenda hewa.

"Kwani humo unatafuta nini? Mdudu?"
Si mdudu, mama. Mdudu ameshakufa.
Natafuta kilichozaliwa siku ya kuuawa kwake.

Kule Ruvu masika inasomba majani,
mizizi, tope, jasho la bonde zima,
nasi mtamboni tunatia klorini, tunaongeza, tunaongeza tena,
maana mto umekuwa chai ya rangi.
Klorini huua inachotumwa kuua.
Kisha hukutana na jani lililooza
na wawili hao huzaa
mtoto asiyeonekana, mwenye jina refu
ambalo hata mimi hulitamka kwa vituo.

"Anaua?"
Naanza: mtu akinywa miaka thelathini, arobaini,
huenda, kwa wachache, kibofu cha mkojo...
"Arobaini!"
Anacheka mpaka khanga inamdondoka begani.
Halafu hacheki.
"Shomvi wangu aliondoka kati ya magharibi na alfajiri.
Kwa maji ya kisima. Matamu, hayanuki chochote."

Kwenye fomu yangu hakuna safu ya Shomvi.

Usiku, maabara, mashine inachora vilima vinne.
Cha kwanza kimevuka mstari
kidogo.
Kidogo ni kiasi gani cha mtu?
Naandika: wachuje majani kabla ya kutia dawa.
Naandika chini yake, nakoleza wino: dawa wasipunguze.
Sentensi mbili zinatazamana kama mawifi.

Jumamosi nimerudi, foleni imefika kwa fundi viatu.
Namwambia, mama, ukichemsha, acha sufuria wazi,
kile chenye mbawa kiruke.
Anafunga bomba. Ananitazama.
"Juzi kapita bwana afya: funika, mama, funika.
Leo wewe: funua."
Nasema sote tumesema kweli. Acha wazi yakichemka,
funika yakiisha kuchemka.
"Basi kaeni kwanza mkubaliane, mje wawili."

Ananipimia kikombe. Kinanuka hospitali.
Nakunywa, huku amekwisha nigeuzia mgongo:
"Ndoo ya bluu hii, ya nani?"