Maneno Matatu

Novemba. Kiwandani Lunga Lunga mashine zimeshiba kalenda.
Meneja Wafubwa ameniletea orodha:
chini ya kila tarehe kubwa, maneno matatu,
yasizidi, kisanduku ni kidogo kama stempu.

30 Mei. *Reli yafika Nairobi.*
Haya. Haisemi ilikuta kinamasi, vyura,
maji baridi yenye jina lake tayari kwa Kimaasai.

16 Machi. *Waandamanaji wapigwa risasi.*
Matatu barabara. Damu ya elfu moja mia tisa ishirini na mbili
imetoshea sentimita mbili na nusu.

Napunguza herufi. Nasogeza nukta.

1 Agosti. *Jaribio la mapinduzi.*
Marehemu baba alisimulia Jumapili ile:
redio ikipiga muziki wa gwaride tangu alfajiri,
na jirani akirejea mbio kutoka mjini
amekumbatia viatu sita vipya,
vyote vya mguu wa kushoto.
Hilo nalo niliweke wapi?

Kisha nafika saba.

Shangazi Mwelu alikuwa karani, ghorofa ya nne.
Ijumaa, saa nne na ushee, kikasikika kishindo kidogo,
akainuka kwenda dirishani kama wenzake wote,
kikombe mkononi.
Dirisha ndilo kitu cha mwisho alichokiona.
Anasema lilikuwa safi. Lilioshwa Alhamisi.

Kila mwaka nampelekea kalenda.
Watu hucheka: kipofu na kalenda wapi na wapi?
Yeye huinusa wino, huipapasa kingo,
huuliza, "Mwaka huu inaangukia siku gani?"
Namwambia. Anahesabu kwa vidole,
halafu anataka kujua bei ya nyanya.

Orodha inasema: *Shambulio la bomu.*
Hesabu imekaa sawa.
Nimeyapanga. Nimeyafuta. Nimeyapanga.
Wafubwa anapita, kalamu sikioni:
"Bado uko Agosti?"
"Bado."

Nakala moja nimeivuta kando kabla ya gundi.
Kwa ncha ya msumari, nyuma ya karatasi,
nimesukuma kinundu
kidogo kuliko punje ya mtama.
Kidole chake kitakifikia, kitasimama hapo.

Tarehe nane orodha haina neno.
Siku hiyo aliamka wodini
akadhani hakujapambazuka,
akalala tena, akingoja.

Nimeiacha ilivyo.
Wafubwa anaita. Desemba haijapata nyekundu yake.