Chumvi Isiyo na Chumvi

Nesi Dali alipanda kutoka Mestia kwa miguu,
gari limemkwamia kwenye theluji chini ya daraja.
Akakufunga kitambaa mkononi, akakijaza upepo,
akanyamaza.
Mia na tisini na nane, Bekhan.
Akaniambia mimi, si wewe: chumvi, basi.

Chumvi! Kwa Msvani!
Nyumba hii inatwanga chumvi tangu mnara wetu wa mawe haujapinda:
chumvi, uwatu wa bluu, giligilani, pilipili, maua ya manjano,
na saumu, saumu, saumu.
Mama yako alinipokea bibi harusi kwa mchi, si kwa busu.

Nikaketi, nikatwanga vyote isipokuwa hiyo.
Ulionja, ukatazama dirishani kama mtu anayedaiwa.
"Hii ni maiti ya chumvi," ukasema.
Nikakujibu: ulimi wako umefunga, mzee,
ndiyo maana nakupa kitunguu cha saumu.

Punje mbili alfajiri, nimeziponda, nimeziacha zipumue,
kijiko cha asali, kidonge cheupe, maji.
Punje na kidonge, maksai wawili wa jembe moja.
Ukanuka. Nami nikanuka. Paka akahamia kwa jirani.
Hata padri alirudi hatua moja ulipoubusu msalaba.

Kisha Machi, naangua msuko wa mwisho wa vitunguu darini,
kitu kikalia ndani ya kopo la chai
kama mvua ya mawe.
Nikavimimina kwenye aproni, nikavihesabu:
themanini na kimoja.
Karibu miezi mitatu ulivibana shavuni,
ukameza saumu peke yake,
ukamtambia Murza: "Mimi natibiwa na shamba langu."

Mficha maradhi, kifo humuumbua.
Mficha vidonge, mkewe.

Sikupiga kelele. Nilikaa kwenye ngazi
mpaka miguu ikafa ganzi.
Saumu haina kosa.
Ilikaa pale chumvi ilipoondoka, ikatupa sababu ya kula.
Haikuniahidi zaidi.
Mimi ndiye niliyeisemea mengi, mezani, mbele yako,
nawe ukanisikia vizuri kuliko nilivyotaka.

Haya. Fungua kinywa.
Inua ulimi. Zaidi.
Nione kimeshuka, ndipo nikumenyee punje.
Ninunie ukitaka,
ila ninunie ukiwa hai,
unanuka,
hapa.