Karani wa Mizani

Kwenye karatasi yangu kuna mstari mmoja mnene
na juu yake: mizani tisini na sita.
Maana yake kaa. Hesabu. Usiguse kitu.
Pembetatu inaning'inia kwa uzi mbele ya pua yangu
kama chambo kisicho na haja na samaki.

Miaka kumi na tisa nilipima miwa Muhoroni.
Trekta linapanda mizani, sindano inatetemeka, naandika,
trekta linashuka.
Kwa hiyo walipotafuta mtu wa ala inayolia mara mbili
jioni nzima, mtu asiyechoka kungoja,
nani mwingine Kisumu hii?

Moja. Mbili. Tatu.

Mbele yangu ni mgongo wa Nyagudi na fidla yake.
Babu yake alipiga orutu matangani, Seme hadi Sakwa,
uzi mmoja, malipo jogoo na mahali pa kulala.
Mjukuu ana nyuzi nne, na bado, akijisahau,
fidla inateleza kutoka kidevuni hadi tumboni,
na Mwalimu Kerubo anagonga kinara kwa kijiti:
"Juu, Nyagudi! Huku si matanga."
Nyagudi anatabasamu kama anayejua zaidi.

Kumi na nne.

Tarumbeta ni Kidiga na Adagala, Jeshi la Wokovu, Maragoli.
Walijifunza kupuliza wakitembea, bendera mbele, vumbi mdomoni.
Kukaa kunawachosha. Angalia chini ya viti vyao:
miguu minne inapanda mlima wa Mbale.

Ishirini na ngapi... Jerotich wa filimbi ametoka zamu ya usiku,
saa ya uuguzi ingali kifuani.
Anazaliwa mtoto, anakufa mtu, anakuja mazoezi.
Analala ndani ya mapumziko mafupi kuliko yangu
na kuamka nusu pumzi kabla ya noti yake. Sijui anafanyaje.

Mang'eni wa kontrabasi alikuwa kiwanda cha karatasi, Webuye.
Uzi wake mnene kuliko zote ni waya wa breki ya baiskeli.
Bi. Jaswinder wa selo
(nduguze wote wamehamia Leicester,
yeye kabaki na duka la misumari)
alimpa waya ule kwa mkopo,
na kila Jumamosi analisikia deni lake likinguruma
sauti ya chini kabisa.

Kiti kile cha fiola ni kitupu. Obura yuko Doha,
analinda mlango wa duka la manukato.
Kiti hatujakitoa. Hututumia ujumbe: mko ukurasa wa ngapi?

Hamsini na moja, nadhani.

Mwalimu anasema muziki huu una theluji ndani.
Theluji tunayoijua sisi ni ya friza za mbuta.
Basi tunapiga hiyo: baridi yenye magamba.

Kule Muhoroni tulikuwa na hesabu moja takatifu:
trekta lililojaa, toa trekta tupu,
kinachobaki ni miwa, na hicho ndicho kinacholipwa.
Nikikaa hapa najaribu kutoa.
Toa kiwanda kilichofungwa. Toa miezi saba ya mshahara
ambayo hatukuiona. Toa zamu, toa misumari, toa Doha,
na sindano inakataa kutulia.

Kisha mvua. Mabati juu yetu yote yanaunguruma
na hesabu imenitoka. Themanini? Tisini?
Mwalimu hanitazami. Nyagudi ameishusha fidla tumboni tena
na safari hii hakuna anayemkemea.
Naliona bega lake likivuta pumzi,
bega la watu wanaojua jeneza linapoinuliwa,
nami napiga.

Ting.

Kidiga anageuka, anainua vidole viwili:
nimetangulia mizani mbili.
Au wao wamechelewa. Naandika pembeni kwa penseli
kama nilivyozoea: tarehe, saa, mvua.
Imebaki mia moja na nne kabla ya ile ya pili.
Moja.