Jumatatu ya Pasaka, Racha

Nazibrola alibingirisha yai jekundu
juu ya kaburi la mwanawe Otari;
likagonga jiwe, ganda likapasuka.
"Amefufuka," akasema.
Hakuna aliyemjibu "kweli amefufuka",
ila theluji ya mwisho
ikidondoka kutoka paa la kanisa.

Akamwaga divai. Akabakiza kidogo, akainywa.

Mimi, jirani, nilidhani imani
ni kulikodolea jiwe macho mpaka lisogee.
Yeye alitazama saa.
"Unga niliukanda alfajiri," akasema,
"utafurika beseni."

Miezi saba tanuri lilikuwa baridi,
buibui kaziba mdomo wake kwa uzi.
Leo moshi.
Leo shati la Otari, mikono imekunjwa,
limevaliwa na mama.

Siku ya Mwisho itakuwaje, sijui.
Najua unga uliumuka chini ya kitambaa
bila shahidi,
na mkate wa kwanza, haujapoa,
aliupeleka kwa Guram,
dereva wa lori lile,
asiyelala tangu Septemba.

Akabisha hodi. "Amefufuka," akasema tena.
Guram akalitafuta jibu, hakulipata.
Akaupokea mkate kwa mikono miwili.
Ukamuunguza.
Hakuuachia.