Chaguo la Akiba

Fomu ina visanduku viwili:
chaguo la kwanza, na chaguo la akiba.
Mwisho ni leo, saa kumi na mbili jioni.
Salha amelala, kompyuta ameiacha wazi mezani
kando ya wali niliomfunikia,
nami nafunga kamba za viatu vya kazi,
saa tisa usiku, mvua ya Sheffield ikikwaruza dirisha.

Aberdeen wanamtaka. Jiolojia, miaka minne.
Hapa nao wanamtaka. Kemia, miaka mitatu,
vituo sita vya tramu kutoka mlango huu,
na chakula changu, na deni dogo zaidi.

Chuo cha hapa nakijua kuliko barua zao zinavyokisifu.
Nakijua kwa ndoo.
Najua lifti ipi hukwama, na ghorofa ya ngapi.
Najua ukumbi unavyonuka wakishaondoka:
makoti mabichi, kahawa, maganda ya machungwa.
Najua nani huandika ubaoni asifute.
Miaka kumi na mmoja naingia kwa mlango wa nyuma
na kadi yenye picha yangu, nywele zikiwa bado nyeusi,
na hakuna aliyewahi kuniuliza nasomea nini.

Siku ya wageni tulikwenda, nimevaa kanga chini ya koti.
Kijana wa fulana ya njano akatupandisha ngazi
nilizozipiga deki alfajiri ileile.
"Karibuni sana," akasema.
Kidogo nimjibu: karibu wewe.

Aberdeen tulikwenda kwa basi la usiku,
tukafika tumekunjamana kama nguo za mtumba.
Upepo! Upepo wa kumvua mtu jina.
Mimi natafuta chai, yeye kasimama
kaweka kiganja kwenye ukuta wa benki:
"Mama, graniti hii ilikuwa moto
kabla haijawa mji."
Sikuelewa. Lakini niliuona uso wake,
na uso ule sijauona tena
hata siku alipopata alama za juu katika kemia.

Jana usiku akasema, kama anayetaja bei ya nyanya:
"Nitaweka hapa kwanza. Aberdeen iwe akiba.
Si unasema mwenyewe akiba haiozi?"
Nilisema, ndiyo. Nilisema juu ya unga.
"Na goti lako je? Nani atakushika mkono barafu ikianza?"
Nikageukia sufuria nisionekane,
maana nilifurahi, Mungu anisamehe,
nilifurahi dakika nzima, labda mbili.

Kemia hajaipanga hata siku moja dirishani.
Dirishani kuna mawe: la pwani ya Whitby, lenye konokono ndani,
jeusi la makaa, jekundu alilolitoa kwenye kiatu changu,
na kipande cha kijivu cha Aberdeen
kinachometameta kama chumvi iliyomwagika.
Kila Jumamosi nayainua, nafuta vumbi,
nayarudisha palepale. Anajua nikikosea kwa inchi.

Nimelichukua lile la kijivu.
Nimeliweka juu ya kompyuta, aone.
Likabonyeza herufi, na kisanduku cha kwanza
kikajaa jjjjjjjjjj mpaka ukingoni.
Moyo ukanidunda kama mwizi.
Nikafuta moja moja, kwa kidole kimoja,
kama nifutavyo mbao za watu,
nikakiacha kitupu kama nilivyokikuta.

Si mkono wangu wa kujaza fomu ile.
Wala sitamwambia nenda,
kwa sababu sauti yangu itasema nenda
na goti langu litasema kaa.

Nimeliweka jiwe juu ya kifuniko cha wali.
Akiamka na njaa,
itabidi kwanza aliondoe kwa mkono wake.