Dodoso

Wametupa karatasi yenye maswali ishirini na moja
na kalamu ya buluu. Kalamu irudi, wamesisitiza.
Unajivunia kampuni yako kwa kiasi gani?
Moja ni "sijivunii", tano ni "najivunia mno".
Kijana wa utumishi amesema tusiandike majina,
kisha akaja kusimama nyuma yangu.

Meza ya nne, kiwanda cha kahawa, Moshi,
mwaka wa ishirini na mbili.
Kazi yangu ni kuitoa buni mbovu kati ya nzima:
nyeusi, iliyovunjika, iliyotobolewa na mdudu,
na ile chachu ambayo jicho linaipitisha
ila pua inaikataa.

Mshahara unatosha?
Moja. Tuendelee.
Lakini msidhani hapo ndipo penye kidonda.
Haukutosha hata enzi za Ndeshukuru, msimamizi wetu,
mwenye ulimi wa upupu
na daftari la madeni yetu asilolisahau hata Jumapili.
Usiku ule mwanangu Elinami amewekewa oksijeni,
alinifuata wodini na chupa ya chai na kanga mbili,
akakaa hadi alfajiri. Pole hakutoa.
Alisema tu, "Meza yako nimeifunika."
Niliporudi nikakuta gunia langu limechambuliwa,
uzito umeandikwa kwa jina langu,
na mezani hakuna aliyeinua macho.

Hilo ni swali la ngapi?
Nimegeuza karatasi pande zote mbili.

Ndeshukuru alistaafishwa kwa ujumbe wa simu.
Aliusomea kwetu, kwa sauti, hadi kwenye nukta.

Baadaye ikaja mashine ya vidole, pale mlangoni.
Unaweka kidole, inasema asante, unaingia.
Mimi iliniambia: Hutambuliki. Jaribu tena.
Nikafuta kidole kwa upindo wa kanga. Jaribu tena.
Shahada, gumba, kulia, kushoto.
Jaribu tena.
Fundi aliyetoka Arusha akanimulika kwa tochi,
akasema, "Mama, hapa hakuna mistari. Imekwenda wapi?"
Lori lilikuwa linapakia nyuma yake.
Nadhani imenywewa, huko ng'ambo,
na maziwa kidogo.
Wiki mbili nikaandikwa mtoro,
nami nipo, nachambua.

Swali la mwisho:
Ukipata kazi kwingine, utaondoka?
Bibiana wa meza ya sita yuko kwenye maua, Usa River,
wanalipa zaidi, na amenitumia namba ya mtu.
Ninayo. Iko kwenye pindo hili hili.
Naitazama moja, naitazama tano,
na huku mkono, bila kuniuliza,
umeshatoa sinani buni tatu mbovu.

Basi nikajipaka wino wa kalamu yao kwenye gumba
nikalikandamiza pale pa kujibu.
Limetoka doa la buluu, laini, tupu.
Jina sikuandika, kama walivyotaka.

Kalamu nimerudisha.