Mlango wa Kabati

Sheria ilifika dukani kwangu na fundi,
na drili, na vumbi jeupe juu ya mikate.
Akafunga mlango mbele ya rafu za sigara
zilizong'aa nyuma ya kichwa changu miaka ishirini
kama altare ya pili hapa mtaani.
Nilinuna. Nikamwambia,
"Mnanifungia riziki."
Akakaza skrubu ya mwisho, akaomba chai.

Kabla ya hapo walishafuta pakiti za kumi.
Mtu mzima hununua ishirini.
Kumi ilikuwa hesabu ya watoto:
nauli iliyobanwa,
sadaka ya Jumapili isiyofika kanisani.

Fiachra wa akina Tuohy akaja na mvua mabegani,
miaka kumi na minne, sauti ikimvunjikia kooni.
Akapanga sarafu kaunta, moja moja,
zina joto la kiganja.
"Za baba," akasema.
Babake namjua, hata moshi wa jiko humkera.
Kitambulisho sikumwuliza;
kufumba macho nilikuwa hodari.
Sarafu ndizo zilizokataa. Ishirini ni ishirini.
Akatazama juu ya bega langu,
akitafuta ile dhahabu, ile nyekundu,
akakuta weupe mtupu, kama ukuta wa zahanati.
Mwenye macho haambiwi tazama.
Na pasipo cha kutazama?
Akanunua chipsi za siki, akabaki na chenji.

Sisemi sheria ilimwokoa.
Labda alipewa na binamu, nyuma ya uwanja wa mpira,
labda siku hiyohiyo.
Nasema nilichokiona:
kijana alisimama, akahesabu, akaghairi.
Njia ilirefuka hatua chache tu,
na umri ule hauna subira.

Usiku nikifunga hesabu, daftari lina pengo.
Silipendi. Kodi ya Sligo haingoji mtu.
Lakini upande wa pili wa kitanda kuna pengo jingine,
la Malachy wangu,
aliyeanza akiwa na miaka kumi na mitatu
kwa pakiti ya kumi
aliyouziwa humu humu,
kwa mkono wa baba yangu,
na mimi nikiwa juu ya kreti, nikirudisha chenji.

Juzi bawaba ya mlango ililegea.
Fundi sikumwita.
Nimeikaza mwenyewe, kwa ncha ya kisu cha siagi.